Mkalimani Asiyetikisa Mkono

Palikuwa na nchi iliyoendelea sana, iliyoendelea kiasi kwamba mgonjwa wake hakuwa na haja tena ya kumuuliza mtu. Mambo yote ya afya yalikuwa yameshaingizwa kwenye simu. Mabango ya zahanati yalibanduliwa, vipeperushi vikachomwa moto kwa ngoma na vigelegele, na wauguzi wakaapishwa kutomwambia mgonjwa neno lolote ambalo halijapitia kwenye mfumo, maana huko kungekuwa kuvujisha siri za mgonjwa kwa mgonjwa mwenyewe. Mfumo wenyewe uliitwa Zahanati Mfukoni. Waziri wa Siha, Mheshimiwa Profesa Lubagala, aliuzindua kwa hotuba ndefu hata wagonjwa wawili waliopangwa kupona mbele ya kamera wakazidiwa.

Nchi hiyo haikukosa huruma. Wakubwa walipokumbushwa kwamba wapo wazee wasioona vizuri na wapo viziwi, walisikitika mkutano mzima, wakala chakula cha mchana kwa masikitiko, na jioni wakatoa maamuzi. Kwa wazee, herufi zikuzwe. Mafundi wakazikuza mpaka herufi moja ikajaa kioo chote cha simu, na mzee anayetaka kuiona ya pili akatakiwa kusukuma kwa kidole. Wengi walipofika mwisho wa neno walikuwa wameshasahau lilianzaje, wakarudi mwanzo, na takwimu zikaonyesha kwamba wazee ndio watumiaji wakubwa wa Zahanati Mfukoni.

Kwa viziwi, sauti iongezwe. Vipaza sauti vikafungwa juu ya paa la Shule ya Viziwi ya Taifa, habari za kipindupindu na lishe ya wajawazito zikarushwa kutwa kucha. Ukutani, kwa nia njema kabisa, pakaandikwa: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Majirani walihama mtaa. Viziwi hawakulalamika, na kwa vile malalamiko yalipokelewa kwa kupiga simu na kujieleza kwa sauti inayosikika, ofisi haikupokea hata moja mwaka mzima.

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani kama si mgeni mmoja kutoka nje, aliyekuja kukagua miradi, akauliza mbona kwenye hotuba za Waziri hakuna mkalimani wa lugha ya alama. Katika nchi ile swali la mgeni lilikuwa zito kuliko kilio cha wenyeji. Kabla hajapanda ndege kuondoka, mkalimani akatafutwa, na aliyepatikana ni Kuluthumu.

*

Kuluthumu alijua kusema kwa mikono kabla ya kusema kwa mdomo. Mama yake, Bi. Sikudhani, alizaliwa kiziwi, akaishi kwa kusuka nywele katika mji mdogo wa Chemchemi, na wateja walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na siri zao hazikutoka kibarazani pake. Binti alikulia pale, katikati ya magoti ya wanawake na vichane. Mama mikono yake ilikuwa vichwani mwa watu tangu asubuhi, hivyo mengi ya malezi aliyafanya kwa uso. Nyusi zikipanda, njoo. Shavu likivimba, subiri. Kuluthumu alipokuwa anatambaa alikuwa na tabia ya kuokota shanga na vifungo na kuvitia mdomoni, hapo Bi. Sikudhani, vidole vikiwa vimekamata nywele za mtu, alifumba macho kwa nguvu na kuutoa ulimi wote nje mpaka kidevuni. Maana yake ilikuwa: tema. Alama hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha lugha ya alama. Ilikuwa ya nyumba ile tu.

Basi Kuluthumu akaenda mji mkuu, akapimwa, akapewa kitambulisho na blauzi nyeusi. Ijumaa ya kwanza, saa kumi alasiri, alisimamishwa ndani ya kisanduku kidogo kwenye pembe ya chini ya kioo cha runinga, na Waziri alipofungua mdomo kutoa hotuba yake ya kila Ijumaa, na yeye akainua mikono. Hakumaliza hata salamu. Waziri alinyamaza, akamtazama, akauliza kwa upole huyo binti anamfukuza nani.

Hapo inabidi nieleze jambo moja, kwa faida ya wasiokulia huko. Kiongozi wa kwanza wa nchi ile, siku ya kwanza ya uhuru, alikatizwa hotuba na mtu mmoja aliyekuwa anamfukuza nzi. Kiongozi alidhani anapungiwa mkono aondoke, na kwa kuwa ndiyo kwanza ameingia, lilimuuma sana. Tangu siku hiyo ikawa ada, na ada ikawa sheria: mkubwa anapozungumza, kila mtu hufunga mikono kifuani na hautikisiki hata mmoja, hata mbu akitua. Wiki chache baada ya kila sikukuu ya taifa, homa ya malaria hupanda nchi nzima, na wataalamu wa Zahanati Mfukoni hawajajua chanzo.

Mkuu wa Itifaki, Bwana Sefania, mzee mnene mwenye sauti ya kuomba radhi, alimwita Kuluthumu pembeni. Alimwambia kwamba serikali inaheshimu mno lugha ya alama, ila hakuna lugha iliyo juu ya adabu. Kuluthumu akauliza atafsirije bila mikono. Bwana Sefania akasema atatafsiri Mheshimiwa akishamaliza. Lakini Mheshimiwa akishamaliza matangazo hufungwa papo hapo, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kusema neno baada ya neno la mwisho la mkubwa, hata kwa vidole. Kamati ikakaa kulitafutia jambo hilo ufumbuzi, na ufumbuzi ukapatikana. Mkalimani atakuwepo. Atasimama kisandukuni, aonekane vizuri, mikono imefungwa.

Mgeni wa kutoka nje alitumiwa picha. Akajibu kwamba ametiwa moyo.

*

Miezi ya mwanzo mikono ilimwasha Kuluthumu. Kila neno la Waziri lilimshukia mabegani likiwa tayari na umbo lake, likateremka mpaka viganjani, likakwama hapo. Akirudi nyumbani alifunga mlango akaitafsiri hotuba yote mbele ya kabati la nguo, mpaka apate nafuu. Baadaye aliacha. Mikono ilikuwa imeanza kufa ganzi, kwanza vidole, kisha viwiko, na ganzi ilipofika kifuani aligundua kwamba haumii tena. Mshahara ulikuwa unaingia. Alisimama, alifunga mikono, alisikia habari za surua na maji salama zikimpita masikioni, akaenda kununua mboga.

Mwisho wa mwaka alitunukiwa nishani ya Mkalimani Bora wa Taifa. Aliyeikabidhi alisema kwamba kimya kingi kina mshindo, na kwamba katika historia ya utangazaji hapajapata kuonekana mkalimani mwenye makosa machache kama yule. Alipigwa picha rasmi akiwa na blauzi nyeusi, mikono kifuani, uso shwari. Picha ikatundikwa ukumbini. Kuluthumu aliitazama akaona ni mtu anayefanana naye, na hakusikia lolote moyoni, si aibu wala furaha.

Aibu aliisikia mara moja tu, alipokwenda Chemchemi likizo. Bi. Sikudhani siku hizi alikuwa na presha, na zahanati ilimpa vidonge vya kopo la kijani vya kumtosha muda mrefu, ili asirudi kusumbua mfumo. Siku nyingine alimeza asubuhi, lakini Ijumaa alikisogeza kidonge mpaka alasiri. Alimweleza binti yake kwa nini, kwa mikono ile mipana iliyozoea kusuka.

"Ijumaa namezea mbele yako. Ukitokea, nakitoa kidonge nakiweka kiganjani. Nakutazama mpaka mwisho. Huyo bwana anabwabwaja, wewe umetulia tu, basi najua leo hakuna baya lolote. Lingekuwepo ungeniambia. Ndipo nameza."

Majirani wote walikuwa wameshaambiwa kwamba binti wa Bi. Sikudhani anafanya kazi na Waziri, na mama alivaa khanga mpya kila Ijumaa kwa ajili ya kumtazama. Kuluthumu alimkubalia kwa kichwa tu, akaosha vyombo, akarudi mjini.

Jirani wa karibu alikuwa Mzee Lukindo, tarishi mstaafu, masikio yamechoka lakini moyo mzima. Yeye ndiye aliyejipa kazi ya kumsomea Bi. Sikudhani, asiyejua kusoma, ujumbe wa Zahanati Mfukoni. Alikaa kibarazani na simu yake, akisukuma herufi moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Kila ujumbe ulianza na vyeo vya Waziri, na katika uhai wake wote wa kusoma Mzee Lukindo alikuwa hajawahi kuvuka vyeo vya Waziri chini ya juma zima.

*

Ijumaa tunayoizungumzia ilikuwa kama nyingine. Waziri alianza na maisha yake tangu utotoni, akasifu mvua, akamsifu aliyemteua. Kuluthumu alikuwa mbali kimawazo. Ndipo akasikia, kwa sauti ileile iliyosifu mvua, kwamba vidonge vya presha vya kopo la kijani vimegundulika kuwa na kasoro, kwamba katika baadhi ya wananchi vimesimamisha moyo, kwamba anayevitumia asimeze hata kimoja tena, na kwamba serikali haina wasiwasi wowote.

Moyo ulimlipuka. Aliiona Chemchemi: kiti cha kusukia, khanga mpya, kikombe cha maji, kidonge katikati ya kiganja. Mama anamtazama. Waziri ameshafika kwenye shukrani, na shukrani zikiisha mama anameza.

Akataka kuinua mikono. Aliiamuru, na mikono haikwenda. Haikuwa woga. Ilikuwa imezoea, imelala pale kifuani kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa avitunze, na Bwana Sefania alikuwa nyuma ya kamera akimtazama. Waziri akawashukuru wazazi wake. Akamshukuru dereva.

Kuluthumu akafumba macho kwa nguvu, akautoa ulimi wote nje mpaka kidevuni.

Akarudia. Akarudia tena, taifa zima likimwangalia, mpaka taa ya kamera ikazimwa.

Huko Chemchemi Bi. Sikudhani alikuwa ameshakiweka kidonge ulimini. Alimwona binti yake, mwanamke mzima mwenye nishani, akifanya ile alama ya kibarazani. Hakujiuliza hata kidogo. Alitema kidonge kwenye mchanga, akalichukua kopo akalipandisha juu ya kabati, akakaa. Viziwi wengine nchini hawakuielewa alama ile. Wao waliona tu mtu anamtolea Waziri ulimi, na inasemekana katika Shule ya Viziwi walicheka mpaka wakalia, kwa sababu lilikuwa tangazo la kwanza la wizara kuwafikia.

*

Kamati ya Kuchunguza Ulimi ilikutana Jumatatu asubuhi. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu aliyesinzia kwa heshima, na wajumbe walikuwa mtaalamu wa meno, mtaalamu wa maadili, na Bwana Sefania, aliyekuwa analia. Picha ya ulimi ilikuzwa ikatandikwa mezani. Walijadiliana kwanza iwapo ulimi ni sehemu ya mkono kisheria. Wakajadiliana kama ulikuwa wa mtumishi au wa serikali, ikizingatiwa ulitoka ndani ya saa za kazi.

Kuluthumu aliwaeleza yote: mama, kopo la kijani, kidonge kiganjani, alama ya kutema. Alieleza bila kupaza sauti, maana ile nguvu ya Ijumaa ilikuwa imeshamtoka na ganzi imerudi mahali pake. Alisema haombi kazi. Anaomba tu mtu amfikishie mama yake habari sawasawa.

Mwenyekiti akafumbua macho. "Kwa hiyo, Bi. Kuluthumu, Mheshimiwa alisema watu wasimeze, na wewe ukamwambia mtu asimeze."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Unakiri, basi, kwamba ulitafsiri."

"Nimeajiriwa mkalimani."

"Uliajiriwa mkalimani," alisema mwenyekiti, bila hasira hata chembe. "Hukuajiriwa kutafsiri."

Wajumbe waliandika sentensi hiyo kwa furaha, kwani ndiyo waliyokuwa wakiitafuta tangu asubuhi. Kuluthumu akapewa mapumziko ya lazima, yasiyo na tarehe ya mwisho, katika chumba kimoja cha kituo cha polisi kilicho nyuma ya jengo la utangazaji. Chumba kilikuwa na kitanda, dirisha la nondo, na runinga, kwa kuwa hotuba za Ijumaa ni haki ya kila raia, hata aliyezuiliwa.

*

Aliyemlinda aliitwa Koplo Yasinta, mwanamke mtaratibu aliyekuwa akimletea chai ya maziwa bila kuombwa. Kuluthumu alimpa namba ya Mzee Lukindo, akamsihi ampigie amwambie neno moja tu, kwamba vidonge vile ni sumu. Yasinta alipiga, kwa simu yake mwenyewe. Mwanamke wa kwenye mashine akamjibu kwa adabu kwamba mteja anayempigia ni mzee, na kwa ajili ya kumrahisishia, simu zote za wazee sasa hugeuzwa kuwa herufi kubwa. Ujumbe wake umepokelewa. Utasomwa baada ya ule wa Mheshimiwa Waziri, ambao mteja bado anaendelea nao.

"Nimejaribu, dada," Yasinta alisema.

Kuluthumu hakushtuka sana. Alijipa moyo kwamba mama ameshaona, ametema, na mama akishaambiwa tema haokoti tena. Hilo lilikuwa kweli. Bi. Sikudhani hakuligusa kopo siku ya kwanza wala zilizofuata. Kichwa kilimgonga, miguu ikamvimba kidogo, naye akavumilia, akisubiri Ijumaa binti yake amweleze vizuri kuna nini.

Mzee Lukindo naye alikuwa anajitahidi. Kwa mara ya kwanza maishani alivuka vyeo vya Waziri kabla ya juma kuisha, akaingia kwenye habari yenyewe, akasoma kwamba ni vidonge, kisha kwamba ni vya presha, kisha kwamba ni vya kopo la kijani. Hapo kidole kikachoka. Lakini alifurahi mno, akaenda mbio kwa jirani yake, akamwonyesha simu, akaonyesha kopo juu ya kabati, akaonyesha tena simu, akitikisa kichwa kwa tabasamu. Serikali yenyewe, nzima nzima, imevitaja vidonge vyake. Bi. Sikudhani alilitazama kopo, akamtazama mzee, akaamua kwamba jambo hili litangoja Ijumaa.

*

Ijumaa ikafika. Wizara ilikuwa na tatizo dogo: kisanduku kilikuwa kitupu, na yule mgeni wa nje alikuwa anarudi kukagua. Mkalimani mpya asingepatikana kwa haraka, tena asingeaminika ulimi wake. Ni Bwana Sefania aliyekumbuka picha ya ukumbini. Ikaondolewa ukutani, ikasafishwa vumbi, ikawekwa kisandukuni.

Kuluthumu alikuwa kitandani saa kumi ilipogonga. Yasinta akawasha runinga, akafunga mikono kifuani kama inavyotakiwa. Waziri akatokea, akaanza na utoto wake. Na pale pembeni, chini, akatokea Kuluthumu mwenyewe, blauzi nyeusi, mikono imefungwa, uso shwari, mtu asiye na baya lolote la kumwambia mama yake.

Alielewa mara moja. Alisimama akaenda mpaka kwenye kioo. Mikono, ile iliyomkatalia mbele ya kamera, sasa ilifunguka yenyewe, akasema kwa ukamilifu na ufasaha wa utoto wake wote: mama, si mimi, ni picha, usimeze, vidonge ni vibaya, tema, mama, tema. Vidole vyake viligonga kioo. Alilia huku anasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Yasinta kuona lugha ya alama, ingawa kila Ijumaa alikuwa anamwona mkalimani.

"Dada," Yasinta alisema taratibu, na yeye machozi yanamlengalenga, mikono yake haijaondoka kifuani. "Shusha mikono. Mheshimiwa bado anazungumza."

Kuluthumu aligeuka kumtazama. Alitaka kumjibu. Lakini amri ile mikono iliijua kuliko ilivyomjua yeye. Ilishuka, ikapandana, ikajifunga kifuani pake, na ganzi ikaingia polepole pande zote kama kawaida. Akabaki amesimama hivyo mbele ya kioo, yeye na picha yake wakitazamana.

Chemchemi, Bi. Sikudhani alikuwa amevaa khanga mpya. Mzee Lukindo alikaa karibu yake, simu mkononi, amebakiza neno moja. Bi. Sikudhani alimtazama binti yake tangu mwanzo wa hotuba mpaka mwisho, bila hata kupepesa macho. Aliangalia nyusi, akaangalia mashavu, akaungojea ulimi. Uso wa binti ulikuwa umetulia kuliko siku zote.

Akashusha pumzi. Akamwambia kwa mikono, kama alivyomwambia kila Ijumaa, kwamba amependeza na asisahau kula. Kisha akalishusha kopo la kijani, akatoa kidonge, na kwa kuwa alikuwa amekosa siku nyingi, akaongeza na cha pili.